Lafudhi na Utaifa wa Wahusika wa Filamu: Sikio la Kisauni

Mzawa wa Kisauni ni nadra kuhitaji kumwuliza mgeni atokako. Asemaye ndia, ndoo na mato hujulikana kuwa ni wa Kimvita. Asemaye njia, njoo na macho huwekwa upande wa Unguja, au huhesabiwa kuwa kafunzwa skuli. Lafudhi kwake ni kitambulisho cha mtu, na mtazamaji mwenye sikio la namna hii hutatizika sana aonapo filamu za kigeni zihusuzo Afrika Mashariki.

Mfano ulio bora ni Out of Africa ya mwaka 1985, iliyopigwa Kenya na kutunukiwa tuzo 7 za Oscar. Meryl Streep, ambaye ni Mmarekani, alijifunza lafudhi ya Kidenishi ili amwigize Karen Blixen. Robert Redford, Mmarekani vilevile, alimwigiza Denys Finch Hatton, mwana wa lodi wa Kiingereza aliyekuwa na nyumba huko Takaungu, kaskazini ya Kisauni. Lakini alibaki na Kimarekani chake. Kwa hiyo wapenzi wawili wa hadithi moja wanafuata kanuni mbili. Naye Farah Aden, Msomali, aliigizwa na Malick Bowens, mzaliwa wa Mali. Lafudhi ya Redford ililalamikiwa na wahakiki wengi. Usomali wa Farah haukuulizwa kwa kiasi hicho. Yaelekea Mwingereza huhesabiwa kuwa na kwao, ilhali Mwafrika hutoshelezwa na bara zima. Jambo hili ni zito kuliko kosa lolote la matamshi.

The Ghost and the Darkness (1996) haina haja ya maneno mengi. Kisa ni cha Tsavo mwaka 1898, filamu ilipigwa Afrika Kusini, na Samuel, msimulizi wake, ni John Kani wa huko huko.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba dawa ni kumdai kila mhusika lafudhi moja iliyo safi. Kisauni yenyewe yakanusha dai hilo. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha hapo makazi ya Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele yao ndiyo iliyopaacha pakiitwa Kengeleni. Walikuwamo Wayao na Wamakua, na pia Waafrika waliolelewa Nasik, Bara Hindi. Lugha zilizokutana hapo hazikuwa na mpaka wa kabila wala wa nchi.

Sidi Mubarak Bombay, ambaye hakuwa wa Freretown, alikuwa na historia ya aina hiyo. Alizaliwa Myao, akatekwa angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Afrika na kushiriki katika safari ya Burton na Speke ya miaka ya 1857 hadi 1859. Yeye na Speke walisemezana kwa Kihindustani. Katika Mountains of the Moon (1990) aliigizwa na Paul Onsongo, Mkenya. Je, mtu huyu angestahili lafudhi ipi? Hakika ingekuwa ya mchanganyiko, lakini mchanganyiko wenye njia iliyopitiwa: Uyao, soko la watumwa, Bara Hindi, Unguja. Mchanganyiko wa Farah wa filamu hauna njia. Umetokana na ajira ya waigizaji tu.

Mwongozaji atakaye kumwonyesha mtu wa Freretown hana budi kuuliza kwanza alitekwa wapi, alilelewa na nani, na Kiswahili alikianza akiwa na umri gani.