Homa ikirudi baada ya dawa: damu ya siku ya saba inasema nini?

Mtoto amemaliza vidonge vya malaria, homa imeshuka, na wiki tatu baadaye amelala tena, mwili moto. Nyumbani watasema dawa ni bandia, au malaria imezoea dawa. Inawezekana. Lakini kuna swali la kwanza: je, dawa ilifika kwenye damu kwa kiasi cha kutosha?

DRC ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Kati ya tiba zake za kwanza kuna artemeta-lumefantrini, dozi sita kwa siku tatu. Artemeta huua vijidudu haraka, kisha hutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku nyingi ikimaliza vilivyosalia. Ndiyo sababu watafiti huipima hiyo, siku ya saba. Wanachukua damu ya mshipa, au tone la kidole linalokaushwa kwenye karatasi maalum, na mashine ya maabara hutenganisha dawa na vitu vingine vya damu.

Uchambuzi wa mtandao wa watafiti WWARN wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba nanogramu 200 au zaidi kwa mililita ya maji ya damu siku hiyo huendana na kupona kwa asilimia 98, kwa mgonjwa asiye na vijidudu vingi mno. Watoto wadogo, hasa waliokonda, walikuwa na dawa kidogo damuni kuliko watu wazima, ingawa walipewa dozi kulingana na kilo zao. Na kwetu, hao ndio malaria inaua zaidi.

Tumbo tupu pia linapunguza dawa: lumefantrini inahitaji mafuta, kama maziwa au sombe yenye mawese. Rifampisini ya kifua kikuu nayo huishusha sana.

Jirani zetu Rwanda na Uganda wamethibitisha vijidudu vyenye usugu wa kiasi kwa artemisinini, familia ya artemeta. Hapo mzigo unaiangukia lumefantrini. Bila kipimo, mtoto aliyekosa dawa damuni anaweza kuhesabiwa kama mwenye malaria sugu.

Mashine hizo ni ghali, hazipo kwenye kituo cha afya. Pale, muuguzi anaweza kuona dozi ya kwanza inamezwa pamoja na chakula, na kuirudia mtoto akitapika ndani ya saa moja. Dozi tano zinazobaki ziko mikononi mwa mama, nyumbani.