Madeni ya Marehemu Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Nyumba nyingi za biashara hapa pwani zina kompyuta moja kuukuu asiyoigusa mtu ila mwenyewe. Ndani yake mna programu ya hesabu ya zama za DOS, iliyotiwa miaka ya 1990, na ndani ya programu hiyo mna majina ya wadai na wadaiwa wa duka. Mwenyewe akiwa hai, mambo huenda. Siku akifariki, mjane yumo edani, na wanawe huambiwa, nayo ni haki, kwamba mirathi haigawanywi mpaka madeni ya marehemu yalipwe. Hapo orodha hutakiwa karatasini, nayo hutoka ovyo: jina ukurasa huu, jumla ukurasa ule, tarakimu za mwisho zimekatwa pembeni.

Hesabu yenyewe haina kasoro. Kasoro i katika karatasi. Programu hizo zilitungiwa printa za zamani zenye kishindo, zilizotumia karatasi ya mfululizo yenye matundu kandokando, kila ukurasa inchi 11, mistari 6 kwa inchi, yaani mistari 66. Programu haioni karatasi. Yajua kuhesabu mistari tu. A4 yetu, milimita 210 kwa 297, ni ndefu kuliko hiyo, na mtu angedhani nafasi imezidi. Lakini printa ya leza huacha ukingo juu na chini, na mara nyingi hupokea mistari 64. Miwili iliyobaki huangukia ukurasa wa pili. Na ikiwa printa imepangiwa karatasi ya Kimarekani, iitwayo Letter, hukaa ikimulika taa ikiingoja karatasi hiyo, ambayo kwetu ni nadra kuonekana.

Kabla ya kugusa lolote, kabrasha zima la programu linakiliwe kwenye flashi mbili, na moja iwekwe nyumba nyingine. Fundi asemaye “tufute, tutie mpya” kabla ya kunakili, mpeni chai yake aende zake.

Kisha tafuteni ndani ya programu mahali pa kupangia printa. Idadi ya mistari ipunguzwe hadi 60, na printa yenyewe ipangiwe A4. Mara nyingine hilo latosha.

Lisipotosha, iko njia niipendayo zaidi. Baadhi ya programu hizo huweza kuiandika ripoti katika faili badala ya kuipeleka kwenye printa. Faili hilo lifunguliwe kwenye kompyuta mpya, kwa herufi za Courier New. Herufi hizo zote zina upana mmoja, kwa hiyo safu za fedha husimama wima. Herufi nyingine huzipinda, na elfu ikaonekana mia. Ripoti ya herufi 80 kwa mstari yaenea A4 iliyosimama, kwa ukubwa wa 10. Ile pana ya herufi 132, karatasi ilazwe na ukubwa uwe 9.

Ikiwa kompyuta yenyewe imekufa, Windows za biti 64 haziendeshi programu za DOS. Hapo hutumika DOSBox-X, inayoigiza kompyuta ya zamani na kuweza kuchapa. Tena, printa nyingi za bei nafuu hazifahamu maandishi matupu. Hungoja Windows iwachoree ukurasa. Mwenye kununua na aulize kama printa yafahamu PCL.

Orodha ikishatoka, kina mama, msiipokee kwa kuwa imependeza. Mmoja asome majina na fedha kwenye kioo cha kompyuta, mwingine afuate karatasini kwa kalamu, mstari kwa mstari, na jumla mbili zilinganishwe. Zikiafikiana, warithi wote watie sahihi kila ukurasa, ndipo ipelekwe kwa kadhi.