Jiometri Katika Kope ya Farasi

Jicho la farasi ni miongoni mwa macho makubwa kabisa ya wanyama wa nchi kavu, nalo limechomoza ubavuni mwa kichwa, penye jua, vumbi na nzi. Kope ya juu ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi ya kulilinda, kwa kusambaza machozi juu ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Konea ikikauka hufanya vidonda, na vidonda huweza kuleta upofu.

Farasi wenye kope za rangi ya waridi, zisizo na weusi wa kuzuia miale ya urujuanimno, hupatwa zaidi na saratani ya ngozi. Huanza kama kidonda kidogo kisichopona, ambacho ni rahisi kudhaniwa kuwa kazi ya nzi. Hapo mpasuaji yumo mashakani: akikata kidogo, saratani hurudi, akikata sana, jicho hubaki wazi.

Pengo lisilozidi robo ya urefu wa kope huweza kushonwa moja kwa moja. Likizidi theluthi, hapana budi ngozi itafutwe jirani, na ngozi ya farasi hapo imebana juu ya mfupa, si legevu kama ya mbwa.

Njia mojawapo ilielezwa mwaka 1946 na Aleksandr Limberg wa Leningrad, aliyekuwa akiwatibu binadamu. Pengo hukatwa liwe pembenne yenye pande sawa, pembe zake zikiwa za nyuzi 60 na 120. Kutoka pembe moja ya nyuzi 120, kisu hufuata mwelekeo wa ulalo mfupi kwenda nje, kwa urefu wa upande mmoja. Kisha hukata sambamba na upande wa pengo ulio karibu. Mwanafunzi akichora umbo hilo ataona kwamba kipande kipya kinalingana na pengo. Huzungushwa kulijaza bila kukatwa shina lake, hivyo huendelea kupata damu.

Karatasi, hata hivyo, haina makovu. Kovu likivuta kuelekea juu au chini, kope hupinduka. Kwa hiyo mvuto hupangwa ufuate urefu wa kope. Upande wa ndani hutandikwa utando laini, la sivyo ngozi hunywea na nywele zake hukwaruza konea. Ukingoni uzi hupitishwa kwa umbo la tarakimu 8, ili fundo lake likae mbali na jicho.