Ushahidi wa Moshi

Kwamba gari laweza kuanguka mtihani wa moshi kwa taksiri ya kuwa na hewa nyingi mno ndani ya ekzosi ni jambo ambalo sikuwa nikilijua, na ambalo halikuniacha nilale vyema, tangu nilipoonyeshwa katika karakana moja ndogo mjini Leicester, Uingereza, kijikaratasi kilichotoka katika mashine ya kupimia moshi. Kilikuwa cha Nissan Micra ya petroli ya mwaka 1998, iliyonyimwa cheti cha ule ukaguzi wa kila mwaka ambao Waingereza huuita MOT. Mwenye gari, binti muuguzi wa asili ya Unguja, alikuwa amekwisha ambiwa katika karakana nyingine kwamba masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi yamekufa na hana budi kununua mapya.

Kijikaratasi kile kilikuwa na tarakimu tatu za maana. Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, asilimia 0.41, ilhali gari la umri huo, injini yake inapopigwa resi baina ya mizunguko 2,500 na 3,000 kwa dakika, kwa kawaida haliruhusiwi kupita asilimia 0.2. Ya pili ni haidrokaboni, yaani petroli iliyopita bila kuungua, sehemu 96 katika milioni, nayo imo ndani ya mpaka wa 200. Ya tatu ni lamda, mizani ya hewa na petroli, ambayo sharti iwe kati ya 0.97 na 1.03, lakini hapa ilisoma 1.06. Atakayezitazama kwa makini ataona kwamba mashahidi hawa hawapatani, maana kaboni monoksaidi ikizidi hudhihirisha petroli nyingi, na lamda ikipita moja hudhihirisha hewa nyingi. Yawezekanaje injini moja, kwa dakika ile ile, ishitakiwe kwa shibe na kwa njaa?

Fundi aliyenifumbulia fumbo hili ni mzee wa Kimvita, aliyejifunza kazi Mombasa zama za kabureta, alipokuwa akilipima gari kwa sikio na kwa rangi ya plagi. Nilipomwamkia aliitika marahaba bila ya kuinua kichwa, kisha akakiweka kidole chake cheusi kwa grisi juu ya ile tarakimu ya tatu.

“Wengi husoma ya kwanza wakaishia hapo, mwanangu,” akasema. “Wakiona kaboni imezidi, hukumu ni masega. Lakini masega aghalabu hufa kwa kuuawa na kitu kingine. Gari likiwa linamisi, petroli mbichi huenda kuungulia mle ndani, masega yakayeyuka. Injini ikila oili, majivu yake huyaziba. Ukitia masega mapya usimtafute muuaji, umempelekea mwingine wa kuua.”

Masega hayo, kwa asiyepata kuyaona yakiwa wazi, ni tofali lenye vitundu vingi vyembamba, vilivyopakwa utando hafifu wa platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kuigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi kabla haijatoka nje. Hayawezi kazi hiyo mpaka yapate moto wa nyuzi kama 300 hivi, wala hayaiwezi vyema isipokuwa mchanganyiko umekaa karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Mlinzi wa uwiano huo ni sensa ya oksijeni iliyochomekwa katika ekzosi, chombo ambacho kampuni ya Bosch ilikileta sokoni mwaka 1976 katika magari ya Volvo, nacho huiarifu kompyuta ya gari kwa umeme mdogo usiofika volti moja.

“Sasa sikiliza,” akaendelea fundi. “Moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo bomba huvuta. Pakiwa na upenyo kabla ya sensa, hewa ya nje huingia. Sensa inaonja oksijeni, inasema petroli haitoshi, kompyuta inaongeza. Ni mpishi mwenye mafua, hasikii chumvi, kila akionja anatia tena. Hapo kaboni imepanda kwa petroli iliyoongezwa, na lamda imepanda kwa hewa iliyoingia. Mashahidi wote wawili wamesema kweli.”

Ithibati aliitoa mbele ya macho yangu. Injini ikiwa baridi bado, alimwomba binti yule aliwashe gari, naye, mikono imo katika glavu nene, akaliziba domo la ekzosi kwa kitambaa kilichokunjwa. Mvumo wa injini ulididimia, na kutoka chini ya boneti ukasikika mlio mwembamba wa kufyonza na kutema. Akatwaa brashi ya rangi na kikopo cha maji ya sabuni, akapaka kiungo baada ya kiungo, mpaka alipofika penye gasketi ya bomba la mbele, juu kidogo ya sensa, na hapo mapovu yakachemka yenyewe. Gasketi ile, ambayo bei yake haikaribii hata kidogo bei ya masega, ilibadilishwa siku ile ile. Gari likaendeshwa hata likapata moto barabara, likarudishwa kupimwa, likafaulu.

Hata hivyo maswali hayakwisha. Gari la petroli la mwaka 1990 huruhusiwa kutoa asilimia 3.5 ya kaboni monoksaidi likiwa limetulia, na hili la 1998, likiwa katika hali iyo hiyo, huadhibiwa likipita 0.3. Sheria yaweza kujitetea kwamba haidai chombo kile ambacho gari halikuundwa nacho, lakini pafu la mpita njia haliulizi mwaka wa usajili. Na kwetu pwani, ambako masega hung'olewa yakauzwa kwa ajili ya madini yake na bomba tupu likachomelewa mahali pake, nani anayepima? Nilipomuuliza mzee, alipangusa mikono tu. “Hilo waulize wenye serikali.”

Kwa hiyo, ewe mwenye gari kuukuu huko Uingereza, likianguka idai karatasi ya moshi, uzisome tarakimu zote tatu kwa pamoja, na usikubali kutoa fedha ya masega kabla fundi hajakuonyesha kwa macho kwamba ekzosi haivuji, plagi zinachoma na sensa inasema kweli. Ukiliacha gari papo hapo kituoni likatengenezwa na kupimwa tena ndani ya siku kumi za kazi, marudio hayo hayalipiwi ada ya ukaguzi.