Tapeti zinalia tena hata baada ya kubadilishwa? Anza na presha ya oili

Iringa. Asubuhi za Juni na Julai mjini Iringa, mlio wa "tik-tik-tik" kwenye magari ya zamani yanapowashwa si jambo geni. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi ni ya kweli, na oili iliyolala usiku kucha inakuwa nzito.

Mlio ukiisha ndani ya sekunde chache, usijali. Shida ni ule unaobaki hata injini ikishapata moto, au unaopotea baada ya sevisi kisha unarudi wiki mbili baadaye.

Wengi hapo huamua kubadili tapeti. Kwenye injini ya V6 yenye valvu 24, hiyo inaweza kuwa seti ya tapeti 24, bado gasketi na hela ya fundi. Halafu mlio unarudi palepale. Mara nyingi sababu ni kwamba tapeti zilikuwa nzima, ila oili haikuwa inazifikia vizuri.

Kwanza, jua injini yako ina tapeti gani

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni tapeti ngumu, ambazo nafasi kati yake na valvu inasetiwa na fundi. Toyota Corolla 110 na Carina zenye injini ya 5A-FE ziko kundi hili, na nafasi hurekebishwa kwa kubadili visahani vidogo vinavyoitwa shimu. Land Rover yenye 300Tdi nayo imo. Yenyewe inasetiwa kwa skrubu, milimita 0.20, injini ikiwa ya baridi.

Aina ya pili ni tapeti za haidroliki, zinazojaa oili na kujirekebisha zenyewe. Utazikuta kwenye Mitsubishi Pajero zenye injini ya 6G72 na Nissan zenye SR20DE.

Kwa nini hili ni muhimu? Kama gari lako lina tapeti ngumu, dawa ya kusafisha tapeti inayouzwa kwenye vichupa haitaondoa mlio wa nafasi iliyopanuka. Hapo kinachotakiwa ni fundi mwenye fila geji aipime na kuiseti upya.

Ya haidroliki inafanyaje kazi

Ndani yake kuna pistoni ndogo na kigololi kinachoruhusu oili kuingia bila kurudi. Oili ikijaa, pistoni inasukumwa na nafasi yote inazibwa. Hakuna chuma kinachogonga chuma, kwa hiyo hakuna kelele.

Oili ikipungua, ikiwa na hewa, au uchafu ukizuia kigololi kufunga, pistoni inanywea. Nafasi inarudi, na mlio unaanza.

Sikiliza unatokea lini

- Sekunde chache baada ya kuwasha: oili ilishuka usiku, sasa inapanda. Kwa kawaida si tatizo.
- Muda wote, sehemu moja tu: tapeti hiyo moja imekwama au imechoka, au kamshafti imelika hapo.
- Muda wote, juu kote: angalia kiwango cha oili. Ikiwa pungufu, pampu inavuta hewa. Ikizidi pia ni mbaya, kwa sababu krenki inaichapa na kuitoa povu.
- Injini ikiwa ya moto, iko sailensa, na unapotea ukikanyaga mafuta: hii ndiyo ya kuogopa. Presha inashuka oili ikiwa nyepesi. Huenda pampu imechoka, oili imechanganyika na petroli, au beringi za krenki zimelika na zinaachia oili ipite ovyo.

Kundi hili la mwisho ndilo linalozaa kesi za mlio unaorudi. Tapeti mpya zinafungwa, zinanyamaza kwa muda, lakini presha iliyosababisha tatizo haijaguswa.

Si kila mlio ni tapeti

Gasketi ya ekzosi inayovuja hutoa mlio unaofanana sana, hasa injini ikiwa ya baridi, na hupungua chuma kikitanuka kwa joto. Nozeli za petroli nazo hutoa mlio mdogo wa haraka ambao ni wa kawaida.

Beringi ya konrodi ni habari nyingine. Mlio wake ni mzito, unatoka chini ya injini, na unaongezeka ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo. Wa tapeti ni mwepesi na unatoka juu. Pia ni wa taratibu zaidi, kwa sababu kamshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenki.

Mafundi hutumia bisibisi ndefu: ncha kwenye kava ya valvu, mpini sikioni, kisha wanahamia chini kulinganisha. Ukijaribu, kaa mbali na feni na mikanda.

Pima presha, usikisie

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haitoshi, kwani huwaka presha ikiwa imeshashuka sana. Mwambie fundi afungue swichi ya oili na kufunga geji ya mkono mahali pake.

Kipimo kifanyike injini ikiwa ya moto kabisa. Kwa Iringa, pandisha mlima kutoka Ipogolo hadi mjini, zunguka kidogo, kisha upime. Kanuni ya jumla ya mafundi ni PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, ila kipimo cha mwisho ni kile cha mtengenezaji wa injini yako.

Presha ikiwa sawa, sasa unaweza kuhangaika na tapeti zenyewe. Badili oili na filta kwanza. Kwa Mitsubishi, utaratibu wa kutoa hewa ni kupandisha injini taratibu hadi mizunguko kama 3,000, kuiachia ishuke, na kurudia mara kadhaa. Ikishindikana, ndipo zitolewe, zisafishwe au zibadilishwe.

Presha ikiwa ndogo, usinunue tapeti. Fungua sampo, angalia chujio la pampu kama limeziba kwa tope la oili, kisha pampu na beringi.

Oili nzito inaficha tu

Kuweka oili nzito ili gari "litulie" ni ushauri wa kawaida mtaani. Mchana unaweza kusaidia, lakini asubuhi ya baridi ya Iringa, Mafinga au Makambako, oili hiyo inachelewa kufika juu. Namba iliyo kabla ya herufi W, kama 10W au 20W, inaonyesha oili inavyotembea kwenye baridi: ikiwa ndogo, inafika haraka zaidi. Fuata kitabu cha gari lako.

Lini usiendelee na safari

Tapeti moja inayolia kidogo haiui injini leo. Lakini mlio ukiambatana na taa nyekundu ya oili, au ukigeuka kuwa mgongo mzito kutoka chini, weka gari pembeni na uzime injini. Usijiambie utafika kwanza.

Hili ni muhimu zaidi kwa anayetaka kupanda Kitonga. Mlima ule unaipa injini joto na mzigo kwa pamoja, na ndiyo hali ambayo presha ndogo inamaliza beringi. Ukiwa na wasiwasi, pima presha kabla ya safari. Kufunga geji ni kazi ndogo na nafuu kuliko injini iliyonoki katikati ya kona za Kitonga.