Jiwe Dogo, Waya wa Shaba: Kusuka Vidani vya Vito na Kuviuza kwa Njia Halali

Mkaazi wa Gotu anayeshuka mjini Isiolo hukutana na wauza bangili kabla hajafika alikokuwa akienda. Bangili za shaba nyekundu, za shaba ya manjano na za alumini, zilizosokotwa kwa mkono, zimeupa mji wetu jina miaka mingi miongoni mwa wasafiri waelekeao Marsabit na Moyale. Kwa hivyo ufundi wa waya si mgeni katika kaunti hii. Ambalo bado halijashika ni kuuoanisha waya huo na vito vinavyochimbwa hapa hapa kwetu.

Vito tunavyo. Garba Tula inajulikana na wataalamu wa vito duniani kwa yakuti samawi, ambayo wengi huiita safaya, na si ya buluu pekee bali pia ya kijani na ya manjano. Lakini kila mchimbaji anajua kwamba mawe safi, yanayopitisha mwanga, ni machache. Broka huyachagua hayo, na yaliyobaki hununuliwa kwa kiganja kwa bei ya kutupa, au huachwa pale pale kwenye rundo. Kidani cha waya kinalihitaji jiwe hilo hilo lililokataliwa. Anayevaa kidani hatazami ndani ya jiwe kwa darubini. Anataka rangi, umbo na kazi ya mkono.

Kuna sababu nyingine inayoufanya ufundi huu utufae. Yakuti samawi ina ugumu wa 9 katika kipimo cha 1 hadi 10 kilichowekwa na Friedrich Mohs mwaka wa 1812, na juu yake iko almasi peke yake. Kulitoboa jiwe kama hilo kunataka keekee yenye ncha ya almasi, maji na stima ya kuaminika. Kulikata na kulisugua kunataka mashine ghali zaidi. Waya hautaki tundu wala gundi. Unalikumbatia jiwe lilivyo, na vifaa vyote vinatosha kwenye mkebe wa kimbo.

Wazee wetu nao hawakuwa mbali na biashara hii. Misafara iliyotoka pwani katika karne ya 19 ilibeba shanga, vitambaa na masango, yaani waya mnene wa shaba, na ukabadilishwa bara kwa pembe na mifugo. Mafundi wa vyuma, ambao Waborana huwaita tumtu, walijua kuugeuza kuwa mapambo. Na kina mama wanaosuka chicho za maziwa kwa nyuzi za mizizi watashangaa jinsi mkono unaosuka waya unavyofanana na mkono wanaoutumia kila siku.

WAYA UTOKE WAPI

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo watu huingia taabani. Shaba iliyoibwa ni shaba iliyoibwa hata ikisukwa vizuri namna gani. Januari 2022 Serikali ya Kitaifa ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na transfoma za stima, na biashara hiyo iliporejea ilirudi na masharti makali. Usinunue waya kutoka kwa mtu asiyeweza kueleza alikoutoa, hata kama ni jamaa yako.

Njia safi zipo, na ni rahisi. Fundi anayeweka stima nyumbani hubaki na vipande. Kebo ya 2.5, ile ya soketi, kwa kawaida huwa na nyaya saba ndani yake, kila mmoja ukikaribia unene wa milimita 0.7. Huo unafaa kwa fremu ya kidani kidogo. Kebo laini za vifaa vya nyumbani zina nyuzi nyembamba sana, na hizo ndizo za kusukia. Mafundi wanaosuka upya mota za pampu nao huuza waya wa shaba kwa uzito, ila waya wao umepakwa vanishi. Usiuchome ili kuiondoa vanishi hiyo. Ikwangue kwa msasa au uutumie hivyo hivyo, kwani wengine huipenda rangi yake. Vile vile ganda la plastiki la kebo lichunwe kwa kisu. Moshi wake ni sumu, na watoto ndio huwa karibu na moto.

Ukiagiza waya dukani Nairobi utaulizwa geji. Kumbuka kwamba namba ikipanda, waya unakonda: geji 20 ni kama milimita 0.8, geji 28 ni kama milimita 0.3. Hizo mbili zinatosha kuanzia.

Shaba ina tabia moja inayowasumbua wanaoanza: kila unapoikunja inakuwa ngumu, na mwishowe hukatika. Ikianza kukataa, ipashe moto hadi iwe nyekundu iliyofifia, kisha iingize majini. Mhunzi aliyezoea chuma atakwambia kwamba maji yataifanya ngumu. Kwa chuma cha kisu ni kweli, lakini shaba hulainika. Fanya hivyo kabla jiwe halijaingia, maana vito vingi hupasuka kwa joto la ghafla.

KUSUKA

Chagua jiwe bapa lenye urefu wa sentimita mbili hadi tatu, lisilo na ufa unaoingia ndani. Lioshe kwa sabuni na mswaki wa zamani. Lizungushie uzi ukingoni upate mzingo wake. Kata nyaya mbili nene, kila mmoja urefu wa mizingo mitatu, na waya mwembamba wa mita mbili. Nyoosha nyaya nene kwa kuzivuta kati ya vidole vilivyoshika kitambaa.

Laza nyaya mbili nene sambamba, zikiachana kwa milimita tatu hivi. Anza karibu na katikati. Zungusha waya mwembamba mara tatu kwenye waya wa chini, kisha uupitishe ukumbatie nyaya zote mbili mara mbili, urudi kwenye waya wa chini mara tatu, tena zote mbili mara mbili. Endelea hivyo. Kila baada ya mizunguko sita, sukuma msuko kwa ukucha ili ushikane usiache mwanya. Usivute kwa nguvu: waya wa geji 28 hukatika kama uzi wa kushonea, na kuunga katikati huonekana. Mtu wa kwanza kukwambia kazi hii ni ya dakika kumi hajawahi kuifanya. Kidani cha kwanza kitakula siku nzima, na pengine hakitauzika. Kitunze ukione baada ya mwezi.

Ukanda uliosukwa ukifikia urefu wa mzingo wa jiwe, ukunje kulizunguka ukingoni. Sasa ndipo siri ya kazi yote ilipo. Ukanda una kingo mbili, na ukingo mmoja unapaswa kukaa mbele ya jiwe na mwingine nyuma yake, jiwe likiwa katikati kama kioo kwenye fremu ya dirisha. Kwa koleo lenye ncha nyembamba, sukuma ukingo wa mbele ndani kidogo penye pembe tatu au nne za jiwe. Geuza, fanya vivyo hivyo nyuma. Tia kitambaa kwenye meno ya koleo, la sivyo litaacha alama ambazo msasa hautaziondoa.

Ncha nne za nyaya nene zitakutana juu. Mbili zifunge kwa kuzungusha ya tatu mara nne au tano, kisha kunja hizo mbili juu ya penseli zifanye kitanzi cha kupitishia kamba. Ya nne waweza kuishusha mbele ya jiwe kama mapindo ya mmea, na hapo kila fundi huonyesha mkono wake. Kata ncha zote na uzibane ndani.

Sasa kijaribu. Kitikise karibu na sikio: kikilia, jiwe limelegea. Kipitishe juu ya kitenge au leso: kikishika uzi, kuna ncha inayotoboa, na itaichana shingo ya mteja au blauzi yake. Mteja wa namna hiyo hatarudi.

Shaba mpya hung'aa mno, na wengine huona haina heshima. Kuifanya iwe na weusi wa kale, chemsha yai hadi ligande, liponde, ulitie kwenye mkebe wenye kifuniko pamoja na kidani bila kugusana. Baada ya saa kadhaa salfa ya kiini huipaka shaba rangi ya kahawia nzito. Isugue sehemu za juu kwa kitambaa, weusi ubaki kwenye mashimo ya msuko. Mwambie mnunuzi ukweli: shaba huacha rangi ya kijani kwenye ngozi ya baadhi ya watu wanapotoka jasho. Haidhuru, na huoshwa kwa sabuni. Nta ya nyuki ikipakwa nyuma hupunguza jambo hilo. Na kama umeweka amethisti, ile ya zambarau, usiipange juani siku nzima mezani pa kuuzia, kwani jua hulififisha jiwe hilo.

JIWE NA KARATASI ZAKE

Chini ya Katiba na Sheria ya Madini ya 2016, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya umma, yakishikiliwa na Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kuwa na shamba, au kulisha mbuzi mahali fulani tangu enzi za babu, hakukupi haki ya kuchimba. Sheria hiyo inawatambua wachimbaji wadogo: kibali chao hutolewa kwa raia wa Kenya, hudumu hadi miaka mitatu na kinaweza kuongezwa. Anayenunua na kuuza mawe kama biashara naye anahitaji leseni ya uchuuzi wa madini.

Kwa msukaji wa Gotu, hii ina maana nyepesi. Nunua mawe kwa mtu mwenye leseni au kibali, omba risiti inayotaja aina na uzito, na uihifadhi kwenye faili. Usiokote hata kokoto ndani ya hifadhi za Shaba na Buffalo Springs. Ukianza kuuza kibandani au sokoni, lipia leseni ya biashara ya kaunti kama anavyofanya muuza nguo.

Wengine watauliza risiti ya jiwe la shilingi hamsini ni ya nini. Sheria imegawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inapofanyika kazi hiyo. Jiwe likipita gizani, sehemu ya kaunti na ya jamii haihesabiki. Tena mtalii mwangalifu huuliza jiwe limetoka wapi, na mwenye jibu la maandishi huuza ghali kuliko asiye nalo.

Pia ujihadhari na vioo. Vipande vya chupa vilivyosuguliwa huuzwa kama vito. Yakuti halisi huikwaruza kwatsi, lile jiwe jeupe gumu, ambapo kioo hakiwezi. Fanya jaribio hilo kwenye ukingo utakaofichwa na waya.

BEI

Tuchukue mfano, ambao si bei rasmi. Jiwe shilingi 100, waya 60, kamba ya ngozi 50. Hiyo ni 210. Umesuka kwa saa nne. Ukiuza kwa 400, umejilipa chini ya shilingi 50 kwa saa, na hujahesabu nauli ya kufika mjini. Wasukaji wengi hujidanganya hapa kwa kuhesabu vifaa na kusahau mikono yao. Andika saa zako kwenye daftari, kidani kwa kidani. Utaona ni muundo gani unakulipa na upi ni wa kujifurahisha.

Gotu ina faida moja ambayo haijaandikwa popote kwenye hesabu hiyo. Katika hifadhi ya jamii ya Nakuprat-Gotu, Waturkana na Waborana wanaishi pamoja, na kila jamii ina mapambo yake. Kidani chenye shanga za upande mmoja na msuko wa upande wa pili hakiwezi kuigwa na kiwanda cha mbali, kwa kuwa kiwanda hicho hakina majirani hao.

Anayetaka kuanza, au kikundi kinachotaka kujisajili, aulize kwanza katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Maswali ya vibali vya madini ni ya Wizara ya Madini, na ofisi ya wadi itakuelekeza pa kuanzia. Ukienda kuuliza kuhusu jiwe ulilo nalo, beba moja tu pamoja na risiti yake, mfuko uuache nyumbani.