Nyigu ndani ya bomba la moshi: kulinda jenereta bila kulinyima hewa

Fundi alipofungua kisanduku cha swichi, kitu cha kwanza kudondoka kilikuwa mkia wa mjusi. Mwenye mkia alikuwa amenata kati ya vyuma viwili, mkavu kama ganda la kitunguu, mweusi upande mmoja. Pembeni yake, kwenye bati, kulikuwa na mayai mawili meupe ya duara, makubwa kama dengu, yamegandamana na chuma utadhani yamechomelewa.

Jenereta lile ni la zahanati moja ya pwani, limewekwa nyuma ya jengo chini ya kibanda cha mabati, kazi yake kubwa ikiwa kulinda jokofu la chanjo. Umeme ulikatika saa mbili usiku, nalo likagoma mpaka kesho yake saa nne asubuhi. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, kwa hiyo muuguzi wa zamu alikesha akizihamishia kwenye makasha ya barafu.

"Mimi nilidhani mafuta yameisha," alimwambia fundi.

"Mafuta yapo tele, sista. Ni huyu mjusi kafiri."

Wengi wetu tunaamini wadudu na wanyama wadogo hulisumbua jenereta linapounguruma. Ukweli ni kwamba huhamia likiwa kimya. Jenereta la akiba hulala wiki nyingi bila kuguswa, na kwa kiumbe mdogo hiyo ni nyumba kamili: giza, paa lisilovuja, matundu ya kuingilia, na nafasi nyembamba asikofika paka. Taa ya mlinzi nayo huongeza wageni. Mwanga mweupe wenye buluu huvuta wadudu wengi kuliko mwanga wa manjano, wadudu wakaleta mijusi, panya naye akifika, nyoka hachelewi kumfuata. Pale zahanati, taa ilifungwa juu kabisa ya kisanduku cha swichi.

Mwili wa mjusi umejaa maji na chumvi, hivyo unapitisha umeme. Akikanyaga vyuma viwili vyenye tofauti ya volti, anakuwa yeye ndiye waya, na shoti inatokea hapo hapo. Sisimizi wana tabia ya ajabu zaidi. Huko Texas, Marekani, wameonekana wakijazana kwenye swichi za umeme mpaka zinashindwa kugusana. Sisimizi aliyepigwa na umeme hutoa kemikali ya kuita wenzake kana kwamba kuna adui, wenzake wanakuja, nao wanapigwa, nao wanaita. Mwisho wake ni rundo la maiti kati ya vyuma viwili. Na ukubwa wa mtambo haukingi kitu: tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kufua umeme cha Gitaru, Kenya, kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180 na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona.

Ila mdudu ninayemhofia kuliko wote ni nyigu wa udongo. Jike hubeba vidonge vya tope mdomoni, akajenga vijumba ndani ya tundu lolote lililo wazi, akavijaza buibui aliowapoozesha kwa mwiba ili watoto wake wakianguliwa wakute chakula. Siku chache zinamtosha. Mdomo wa bomba la moshi lililopoa unamfaa sana, na mrija mwembamba wa kupitisha hewa kwenye tangi la mafuta unamfaa vilevile. Februari 6, 1996, ndege aina ya Boeing 757 ya shirika la Birgenair ilianguka baharini dakika chache baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Ndege hiyo ilikuwa imekaa chini siku nyingi, mirija yake ya kupimia kasi ikiwa wazi, na wachunguzi walimshuku zaidi nyigu wa udongo.

Ukisikia hayo, unatamani kuziba kila tundu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu jenereta linaishi kwa hewa. Linaivuta ili kuchoma mafuta, na linaihitaji nyingi zaidi ili kupoza injini na koili. Likibanwa, linachemka. Injini ya petroli yenye kabureta ikikosa hewa ya kutosha huchoma mafuta nusunusu, na moshi wake unazidi kuwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Kwa hiyo tenganisha matundu ya aina mbili. Yale yanakopita waya kuingia kwenye kisanduku cha swichi hayana haja ya hewa. Yazibe kabisa kwa mpira wa kubana waya au silikoni. Yale ya kupitishia hewa yawekewe wavu wa chuma wenye macho ya milimita 6. Mtoto wa panya hupenya tundu lisilozidi sana upana huo, hivyo usikubali wavu wa kuku. Wavu wa mbu nao usiugandike moja kwa moja kwenye tundu: kila uzi wake unapunguza njia ya hewa, na baada ya wiki mbili za vumbi unakuwa ukuta. Kama wadudu wamezidi, tengeneza fremu kubwa inayolizunguka jenereta zima, kwa mbali kidogo, uvike fremu hiyo wavu mwembamba. Hewa ikipata uwanja mpana inapita polepole bila kukwama. Lakini fremu hiyo inataka kupigwa brashi kila wiki. Bila brashi, usiiweke.

Bomba la moshi la jenereta kubwa hufungwa kifuniko cha bawaba kinachosukumwa na moshi wenyewe na kuanguka injini ikizimwa. Madogo mengi yana kiwavu cha kuzuia cheche mdomoni mwa bomba; mafundi wengine hukitoa ili "lipumue vizuri", na hapo wamemfungulia nyigu mlango. Kama hakipo, funika bomba likishapoa kwa kitambaa chekundu kirefu, kinachoning'inia usoni pa anayekuja kuliwasha.

Miguu ya jenereta ipake grisi kuzuia sisimizi. Bibi zetu walisimamisha miguu ya kabati la vyakula ndani ya makopo ya maji, na sisimizi hawakupita, lakini makopo hayo ndiyo mazalia ya mbu wa dengue. Dar es Salaam imepata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019.

Panya anastahili uangalifu wa peke yake. Meno yake ya mbele hukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, kwa hiyo lazima atafune kitu, na ganda la waya ni laini. Akishahama, anaacha mkojo. Julai 2022 wagonjwa 20 waliripotiwa mkoani Lindi, watatu kati yao wakafariki, na ugonjwa ukabainika kuwa homa ya Mgunda, ambayo bakteria wake hupitia mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Huingia mwilini kupitia michubuko, macho, pua na mdomo. Basi ukikuta kiota, usikipulize kwa pumzi ya kompresa wala kukifagia kikavu. Kwanza toa waya wa hasi wa betri, maana jenereta la kujiwasha linaweza kuamka mkono wako ukiwa ndani. Vaa glavu na barakoa, lowanisha kiota kwa maji yenye klorini, kiokote, kisha futa chuma kwa kitambaa chenye maji matupu ili kisishike kutu. Nyuki wakikuta nafasi humo, muite mfugaji wa nyuki. Petroli na kiberiti viache mbali.

Kuna dawa moja inayouzwa kila duka na ambayo naomba iachwe: vidonge vyeupe vya naftalini. Vikiachwa nje harufu inakwisha na panya wanarudi, mtoto naye anaviona pipi. Naftalini huvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu wa kurithi uliozoeleka katika maeneo ya malaria, pwani yetu ikiwemo. Kwa mtoto mchanga mwenye hali hiyo, harufu peke yake yaweza kumletea manjano kali. Zahanati yenye wodi ya wazazi haipaswi kuwa nayo hata kimoja.

Na wapo wanaochoka na nyigu na panya, wakaliingiza jenereta stoo au barazani. Wasifanye hivyo hata kwa usiku mmoja. Kaboni monoksidi hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni malaria, analala. Jenereta likae angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha, bomba likitazama nje ya nyumba.

Pale zahanati, fundi aliibandua ile taa akaifunga kwenye mti, mita kumi kutoka kibandani, akaweka balbu ya manjano. Muuguzi amepewa daftari. Kila Jumatatu anatoa kitambaa chekundu, analiwasha jenereta dakika 15 jokofu likiwa limeunganishwa, kisha anaandika alichokiona. Wiki ya kwanza aliandika, "Safi." Ya pili, "Sisimizi wachache, nimeongeza grisi." Ya tatu: "Kitambaa kilisahaulika tangu Jumatatu. Tope kwenye bomba, nimelitoa kabla ya kuwasha. Ndani kulikuwa na buibui saba."